Nukta ya Mwisho

Upanga uliingia karakana ndani ya gunia la unga,
umefungwa kamba shingoni kama mbuzi wa mnadani.
Bi Spozhmai wa Logar akauweka mezani pangu,
akaketi bila kukaribishwa:
"Babu wa marehemu mume wangu alipigana nao Maiwand.
Upime, Shirindil, kisha useme bei."

Mimi hupima kwa pamba na mafuta ya taa.
Sianzi na makali; makali ni waongo,
kila mjukuu huyanoa upya kwa hadithi yake.
Nilianza shinani, penye kipini,
pale ambapo jiwe la kunolea halifiki.
Kutu ikatoka nyekundu, ikatoka kahawia,
halafu muhuri: msikiti mdogo kama ukucha wa mtoto,
mimbari yake, mizinga yake miwili,
na chini yake tarakimu zikiamka.

Maandishi yetu hutoka kulia, tarakimu hutoka kushoto,
zikakutana juu ya chuma kama wageni wawili mlangoni,
kila mmoja akimwambia mwenzake: tangulia.
Moja. Tatu. Moja.
Kisha nukta.

Sifuri kwetu ni nukta tu,
na kutu nayo inajua kupiga nukta.
Nikaichokonoa kwa sindano, nimebana pumzi.
Kutu hula ovyo, kama panya;
hii ilikuwa na ukingo. Mtu aliipiga,
mkono mmoja, pigo moja, akaenda kula.
Elfu moja mia tatu na kumi.

Lakini kumi ya nani?
Jua lina mwaka wake hapa, huanza Nairuzi, mlozi ukichanua.
Mwezi una wake, wenye haraka,
unalikimbia jua siku kumi na moja kila mwaka
na Ramadhani mgongoni:
leo kwenye theluji, kesho kwenye zabibu,
kesho kutwa kwenye vumbi la kupura ngano.
Nambari ni ile ile, na kati ya jua na mwezi
kuna miaka thelathini na tisa:
mtu huzaliwa, huoa, huzikwa humo.

Muhuri ndio ulioamua. Msikiti ule
ulipigwa zama za amiri, serikali ikingali inafuata mwezi.
Na Maiwand, kwa mwezi huo huo,
ni elfu moja mia mbili tisini na saba.
Moshi ulishatulia miaka kumi na mitatu,
chuma hiki kikiwa bado hakijaonja nyundo.

Nilitafuta neno la kumwambia mjane.
Nikapata kikohozi.

"Sema," akasema. "Mume wangu naye alikohoa hivyo hivyo."
Nikasema.
Akautazama upanga kama mtu atazamavyo mkwe:
"Basi nao ulizaliwa baada ya vita,
ukalelewa na masimulizi yake. Si wewe, si mimi, si huo.
Haya, nisome na mimi.
Mama alinizaa Ramadhani, tunu zikiiva,
akifuturu kwa zile zilizoanguka uani.
Mwaka, hakuna aliyeuandika."

Nikahesabu kwa vidole. Ramadhani hurudi kwenye tunu
kila baada ya miaka thelathini na mitatu;
jibu ni hili, au lile, au lile jingine.
Nikatazama mikono yake, mishipa imesimama
kama mizizi iliyochoka kujificha.
"Sitini na sita kwa jua," nikasema. "Kwa mwezi, sitini na nane."
Akacheka hadi ushungi ukamteleza:
"Miaka miwili! Niliitumia wapi?"

Bei nilimtajia. Hakuijibu.
Akaurudisha upanga guniani, akakaza kamba,
akatoka na jua la Kabul usoni.
Ubavuni mwa gunia, kwa wino wa buluu wa kiwandani,
palikuwa na tarehe ya tatu,
si ya mwezi wetu wala ya jua letu:
mwisho wa matumizi,
na nambari ya mwisho imefutika.