Daftari la Oili

Ukurasa wa kwanza niliuandika kwa penseli:
Naipanga, shamba la Nampoto, ekari tatu,
oili lita moja na nusu.
Nikadhani nimepima vibaya.
Nikakifuta kijiti kwa kanga, nikakichovya tena.
Sikuwa nimepima vibaya.

Halivuji.
Nimelala chini yake chali, tochi mdomoni.
Nimetandika gunia la ufuta chini ya sampo usiku kucha,
kukicha gunia kavu,
lina vumbi, na mjusi kajilalia.
Basi inakwenda wapi?
Inapaa. Inatoka bombani na rangi yake ya buluu,
inapita juu ya mihogo ya jirani,
inaingia kwenye nguo nilizoanika
mpaka mtoto anarudi shule ananuka gereji.

Tunalima ufuta watu wapate mafuta,
na cha kulimia kinayanywa hata mbegu hatujaitupa.
Hesabu hiyo Shaweji wangu wa darasa la nne
aliifanya kwa vidole, akacheka.
Sikucheka.

Ushauri haukupungua.
Dereva Chinkambo: tia oili nzito, moshi utanyamaza.
Mwenye duka la vipuri Masasi: kopo hili, mama, ni dawa.
Shemeji yangu akavuta kiti karibu:
uza. Liwashe alfajiri, mnunuzi alikute lina moto,
na hiyo nzito ya Chinkambo ndani,
hataona kitu.

Nilinyamaza kidogo.
Ndivyo tulivyouziwa sisi.

Fundi Mkwemba alikuja na pikipiki kutoka Nachingwea mjini,
geji kaifunga kwa mpira wa baiskeli.
Akafungua nozeli, akasema piga stata.
Silinda ya kwanza, sindano ikasimama.
Ya pili, ikasimama.
Ya tatu ikainuka nusu, ikakaa,
kama mtu aliyeitwa shambani na bado ana usingizi.
Akaniomba kijiko.
Akamimina oili, kijiko kimoja, kwenye tundu lile,
tukapiga tena, sindano ikapanda.
"Ringi," akasema. "Ingekuwa valvu, usingeona ikipanda."
Kijiko hakikurudi jikoni.

Ila yeye hakufurahi. Alikuwa anatafuta kitu kingine.
Akapapasa mpira unaotoka kwenye chujio la hewa,
akafunua tairi la ndani lililoviringishwa pale
na mkono wa mtu nisiyemjua, miaka nisiyoijua.
Chini yake ufa. Kidole kiliingia.

Tulipofungua kichwa aliniita nichungulie.
Kwenye ukuta wa silinda, mistari.
Mirefu, imepangana, juu hadi chini.
Nimeendesha jembe miaka sita, najua sesa na najua tuta.
Huo mchanga wa Naipanga tulioulima
nao ulikuwa ukitulima,
kila msimu, humo ndani, kimyakimya,
na sisi tunabishana rangi ya moshi.

Mpira mpya ulikuwa bei ya kuku wawili.
Laina na ringi zilikula korosho za mnada wa pili
na kitanda ambacho sikukinunua.
Fundi akaonya: ringi mpya zitakunywa kidogo, zivumilie zizoeane na ukuta.
Na la zamani ni la zamani, haliachi kabisa.

Mvua ilipoonya kwa upande wa Ruangwa
nilirudi kwa Nampoto. Ekari zilezile tatu.
Niliandika: oili, robo lita.
Halafu nikaenda kupima tena, maana sikuamini,
kama vile sikuamini siku ile.

Shemeji anauliza daftari la nini tena, trekta si limepona.
Nakifuta kijiti kwa kanga ileile.
Maneno yake yameshazama kwenye weusi,
limebaki moja pembeni, linasomeka:
USINIHARAKISHE.