Nafasi ya 114

Nalinda magari yaliyolala
chini ya bustani, mtaa wa Vera, Tbilisi,
ghorofa ya pili kwenda chini,
ambako mvua hufika imechelewa
kama barua iliyopitia posta tatu.

Zamani hapa palikuwa na vibanda vya bati,
kila kibanda na kufuli lake.
Baba alikuwa na chake, namba kumi na tisa:
ndani, Volga isiyo na injini,
mitungi ya matango ya siki,
na kiti alichokikalia kila alipogombana na mama.
Sisi watoto tulicheza katika upenyo uliobaki,
upana wa mabega mawili,
na mpira ukigonga bati
tulitukanwa kutoka madirisha manne.

Kisha magari yakazaana kuliko sungura.
Yakapanda njia za miguu, yakalala milangoni.
Tsiala wa ghorofa ya tano
akawa anapita ubavuubavu na mkate wake,
akiviomba radhi vioo vya pembeni
kana kwamba ni watu.

Tukakutana mara tatu.
Wenye gari na wenye kutaka miti,
kila mwamba ngozi akavutia kwake.
Mara ya tatu mvua ikatufukuza, tukajazana ngazini,
na mhandisi Khatuna, viatu vimejaa tope,
akachora ukutani kwa chaki
mstari mmoja tu.
Juu yake nyasi. Chini yake magurudumu.
"Udongo mita moja na nusu," akasema.
"Hautoshi mti mkubwa.
Unatosha mti wenye adabu."

Hakuna aliyeuliza mti wenye adabu ndio upi.

Tsiala akapanda mforosadi.
Akaupanda usiku, bila kibali,
pale hasa palipokuwa kibanda cha baba;
au ndivyo ninavyopenda kuamini,
maana zege halikumbuki namba.

Sasa ni mwaka wa kumi na mbili.
Juni, watoto hushuka kuwatafuta baba zao
midomo zambarau, viganja zambarau,
na milango ya magari hupata alama
ambazo sabuni yangu haizijui.

Mwezi jana Bwana Avtandil, mwanasheria,
mpangaji wa nafasi ya 114,
aliniletea malalamiko ya kurasa mbili:
tone moja, kila dakika tano,
juu ya boneti nyeupe.
Nikainua tochi.
Katika kiungo cha zege, mzizi
mwembamba kama kamba ya kiatu
umechungulia,
unanusa hewa yetu ya petroli.

Kanuni imebandikwa karibu na lifti:
toa taarifa, kata, ziba.
Nami si mpumbavu. Najua dari hili ni bustani,
na bustani hii ni dari;
ukiuonea huruma mzizi mmoja
utakuja kuokota nyasi juu ya usukani.

Nikapanda juu kwanza.
Tsiala alikuwa kwenye benchi, mguu mmoja nje ya kiatu.
Nikamweleza. Akanishika mkono.
"Umefika?" akauliza,
kama mtu anayeulizia mtoto aliyesafiri peke yake.
"Umefika," nikasema.
"Na huko kukoje?"

Hilo sikuwa na jibu lake.
Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza.

Gari la mwanasheria nimelihamishia 115.
Pale 114 nimeweka ndoo,
na kando yake kiti cha baba,
mguu mmoja umefungwa waya.
Taarifa nimeiandika, ukweli mtupu,
hata unene wa mzizi nimeupima kwa rula.
Tarehe tu ndiyo sijaijaza.

Khatuna atakuja; lazima aje.
Ana nywele za mvi siku hizi, na bado anatembea na chaki.
Ndoo imefika robo.
Nazima taa za upande wa mashariki,
nakaa,
nahesabu hadi dakika tano.