Pamba ya Mto

Sahare, maji yamekupwa. Chombo kimelala ubavu,
na birika la chai nalo limelala ubavu.
Shekue kapiga magoti topeni,
anagonga mbao kwa kifundo cha kidole
kama mnunuzi wa fenesi:
hapa pazima, hapa pazima, hapa…
mh.

Pamba imetuishia.
Duka la Ngamiani limefungwa, Ijumaa.
Nikauchana mto wangu.

Akaisokota, akaisindilia kwa patasi,
akapaka deheni, ikanuka sifa
hadi ndani ya mkate.

Maji yakarudi baada ya Magharibi.
Kikasimama kwanza chombo, kisha birika.

Nimelala, shavu juu ya ubao mtupu,
naisikiliza ngama.

Kavu.
Upo umetundikwa msumarini,
mara ya kwanza tangu Rajabu.