Kibaba

Alfajiri, wodi ya Wete. Nashika jagi la plastiki
kwa tochi ya simu; taa ya ukutani imekufa tangu Jumatatu.
Nainama, nasoma mstari.
Marehemu mama akipima karafuu kwa pishi, kule Mtambwe,
akisawazisha kwa kiganja, asidhulumu, asidhulumiwe.
Miye napima mkojo.

Kitanda cha tatu, Shaame Faki, mchumaji.
Kaharisha siku tatu, kanyauka kama karafuu jamvini.
Hana homa, damu haina maambukizi.
"Huyu kiu tu," kasema Dokta Hidaya, "mpeni maji, figo zitaamka."
Nikaandika kwa wino: atapona.

Kitanda cha saba, Raya, mzazi wa siku tisa.
Sumu imeingia damuni kwa mlango aliopitia mtoto.
Dripu juu ya dripu, miguu ikavimba,
jagi kavu.
Mamake akauliza, "Zitarudi?"
Nikajifanya natafuta kalamu.

Ipo karatasi ya alama, tuliipata kwenye semina Unguja:
umri, presha, kreatini, sukari, homa.
Unajumlisha, inakwambia yupi wa kusubiri
na yupi wa kupandishwa boti akasafishwe damu.
Siibezi. Imenipatia zaidi ya ilivyonikosea.
Lakini hujumlisha ulichokiuliza tu.

Siku ya nne, Shaame: mililita thelathini.
Ya tano, kumi na mbili.
Ndipo mkewe akatoa mfukoni vidonge vya mgongo, vya dukani,
miaka sita kila usiku wa msimu,
maana mkarafuu hupandwa kwa mgongo na hushukwa kwa mgongo.
Hakuna aliyemuuliza.
Sikumuuliza.

Usiku wa saba, kwenye mpira wa Raya, tone.
Kimya kirefu.
Tone.
Nikasimama pale kama mtu aliyesikia hodi, hana hakika.
Haba na haba, hadi adhana, kikatimia kibaba,
rangi ya chai iliyolala.
Mamake akaomba akione.
Akakitazama, akasema, "Mashaallah,"
na mtoto mgongoni kwake akapiga chafya.

Shaame kaondoka Jumatano, gari hadi Mkoani, kisha boti.
Mlangoni akanishika mkono:
"Nesi, umeniandikaje?"

Nilikuwa nimekwangua wino kwa wembe, karatasi ikatoboka.
Sasa naandika kwa penseli.