Taa Hasimami

Nimechonga kenge miaka kumi na tisa.
Ora, ndivyo tunavyomwita hapa Komodo.
Mikono yangu inamjua gizani:
mkia kwanza, mabega, kucha,
mwisho ulimi wenye panda
ambao huvunjika sandukuni kabla haujafika Jakarta.

Jumanne akaja mgeni wa Surabaya, nywele zina chumvi bado.
Akasema, nichongee taa.

Taa! Nazaliwa kisiwani, nazeekea kisiwani,
sijamwona mzima hata siku moja.
Ruslin, mwanangu, anayezamisha wageni,
akanyoosha mikono, ukuta ukamkatiza.
"Mpana kuliko chumba hiki, Mama.
Kinywa wazi muda wote, na anachokula
ni vumbi la bahari.
Mwiba hana."

Hana mwiba!
Huyu wetu ana sumu tayani,
humeza mbuzi na miguu yake,
baada ya siku kadhaa akatapika pembe.
Hutaga mayai ishirini,
na vitoto vikitoka hukimbilia mitini,
mama mwenyewe asivile.
Taa hubeba mmoja tu, mwaka mzima,
amekunjwa tumboni kama mkeka wa kuswalia.

Mimi nilibeba saba. Wamebaki wawili.
Sijui nihesabiwe upande gani.

Nikachonga. Mbao ilikuwa ya mtumbwi uliooza,
ikakubali mabawa upesi kuliko nilivyodhani.
Nikamweka rafuni kati ya kenge kumi na wanne.
Akaanguka.
Nikampunguza tumbo. Akaanguka.
Ora ana miguu minne na hasira, husimama popote;
huyu hakuumbiwa kusimama.
Nikamtoboa, nikamtundika darini kwa mshipi.

Alfajiri boti ya Surabaya ilikwisha ondoka,
na pesa zangu hazikushuka.

Usiku jenereta ikazimwa. Nikawasha kandili.
Taa juu ya taa: kivuli kikafunika ukuta,
kikamfunika Ruslin aliyelala,
kikageuka polepole, kwa upepo ule mdogo.
Chini ya sakafu, baina ya nguzo,
kitu kizito kilikuwa kinaburuta mkia.
Nilimsikia akinusa. Mbuzi wakanyamaza.

Wazee walisema ora ni pacha wetu, tumbo moja.
Pacha wa taa hawakumtaja.

Nikachukua fimbo ya panda, nikagonga ubao mara tatu.
Akaondoka, bila haraka, kama mwenye nyumba.
Nikarudi kutazama juu.
Mkia nimeufanya mfupi.
Kesho nitatafuta kipande kingine.