Nyuma ya Bili ya Maji

Halmashauri ya Puerto Alerce ilikaa siku mbili
ikapitisha, kura nne kwa tatu,
kwamba nyuma ya kila bili ya maji
ichapwe picha ya mbwa mmoja asiye na kwao.
Ada imefutwa. Chanjo ni juu yetu.
Gunia la kwanza la chakula, juu yetu pia.
Diwani Oyarzún alisimama: barabara zina mashimo,
nasi tunawapiga mbwa picha!
Meya akamwambia: shimo halizai.

Mimi ni karani. Kazi ya maneno nikapewa mimi,
mistari mitatu kwa kila mbwa, isizidi,
maana chini yake sharti ikae tarehe ya kukatiwa maji.
Nikajifunza kubana.
*Namba 8: jike, mpole, anaogopa ufagio.*
*Namba 19: anakula chochote, ficheni viatu.*
*Namba 31: dume, mzee, sikio moja. Tabia haijulikani.*

Wiki tatu hakuja mtu.
Upepo ulikuja. Kila siku saa nne
ulisukuma mlango kama mwenye miadi,
nikainua kichwa, nikakiinamisha.
Kule bandani walikuwa arobaini na saba.
Banda lilijengwa kwa ishirini.

Kisha Jumanne, Eduvina Mansilla,
mjane wa mtaa wa juu, koti la marehemu likimfika magotini,
akaiweka bili juu ya kaunta.
Nikajua malalamiko hayo. Mita za ujazo kumi na moja,
na mtu anaishi peke yake, hana hata bustani.
Nikaanza kutafuta fomu.

"Siyo upande huo," akasema. Akaigeuza. "Huu."
Kidole chake kilikuwa juu ya namba 31.

"Mmeandika haijulikani.
Haijulikani kwa nani?
Hapendi wanaume wenye kofia. Radi haimtishi,
lakini kifuniko cha sufuria kikianguka humwoni siku mbili.
Na hanywi maji yaliyosimama."

Nje, bati la mtu lilikuwa likigongagonga.

"Majira haya, bwana karani, maji yaliyosimama ni jiwe.
Kwa hiyo nilikuwa naacha bomba la uani wazi,
uzi mwembamba tu, usiku kucha,
tangu Mei mpaka mlipokuja na gari lenu na kitanzi chenu."

Niliigeuza bili. Nikaigeuza tena.
Upande mmoja tulimtumia deni la kiu,
upande wa pili, mwenye kiu.

Fomu inataka uzoefu wa mwombaji.
*Je, umewahi kumiliki mbwa?*
Akailamba ncha ya penseli,
akaandika: Hapana. Alikuwa akija tu.
*Sababu ya kumchukua?*
Akaandika: Maji yake nimelipia.

Ingawa hakuwa amelipa bado.
Nikamwambia sina mamlaka ya kusamehe deni.
Akasema hajaomba. Akahesabu noti moja moja,
akadai risiti, akadai na mhuri juu ya risiti.

Alhamisi niliwaona wakipanda mtaa wa juu,
yeye mbele, mbwa nyuma kidogo, upande wa sikio lililobaki.
Kanuni ya tisa inataka kamba.
Hapakuwa na kamba.
Nikajishughulisha na funguo zangu.

Katika ripoti ya mwezi: waliochukuliwa, mmoja.
Diwani Oyarzún alipiga makofi mara mbili, polepole.

Bili zilizofuata zilibeba namba 32:
jike, mweusi, mguu wa nyuma mbovu.
Palipokuwa *tabia haijulikani*
nilifuta, nikaandika: *nani alikuwa akimpa maji?
Njoo utuambie, hata kama humtaki.*
Mistari mitatu ikawa mitano.
Tarehe ya kukatiwa maji ikasukumwa hadi ukingoni,
na mashine ya kukata karatasi ikaondoka nayo.