Mansuri Auliza Apande Nini

Kanipigia saa nane mchana, jasho lanichuruzika mgongoni.
Huko kwao, asema, mchana ni kama taa ya friji:
yawaka, lakini huoni joto.

Kanunua nyumba, mwanangu,
na kiwanja, na theluji ya magotini,
na jirani asiyemjua jina.
Sasa ataka ua. Kitaluni kaonyeshwa miti miwili:
mmoja hauangushi jani hata maji yagande bombani,
kijani Januari, kijani Juni,
wala hauzai cha kutia mdomoni.
Wa pili huzaa vijitunda vyekundu, vikali kidogo, vya kupikia jamu,
kisha baridi ikiingia huvua nguo zote,
miezi sita ni vijiti,
na kila apitaye akakuona unavyokula.

"Mama, wewe ungechagua upi?"

Mie nijuao ni mnyaa.
Babako alipofariki, na kuku wakaibwa mara mbili,
niling'oa mkomamanga wa mpakani kwa mikono hii,
nikachomeka vijiti vya mnyaa, vikashika bila kubembelezwa.
Mbuzi haugusi. Mwizi aujua utomvu wake:
tone moja jichoni, usiku kucha walia.
Nililala. Siwezi kusema sikulala.

Lakini mkomamanga ule, waukumbuka?
Kiangazi ukipukutika tulionana mimi na Mwanasiti,
yeye apepeta, mimi nakuna nazi,
twasemezana pasi na kuinuka.
Wanawe walichuma upande wao, wakachuma na wetu,
na sahani ya mahamri ikipita matawini
ilirudi na mbaazi.
Mwaka wa kumi na mmoja huu, simjui ila kwa sauti:
ndoo yake, kikohozi, redio.

Ua. Neno letu hili lina mambo:
lachanua, lazuia,
na likitoka kwa hasira lafisha.

Sikumwambia hayo. Alikuwa na haraka.
Nilimwambia, muulize jirani jina kwanza.
Akacheka. "Mama, nauliza miti."
"Na mimi najibu miti."

Simu ilipokatika nikavaa viatu vya mpira,
mkono nikaufunga kwa mfuko wa unga,
leso hadi puani,
na panga la babako, butu vile vile.
Nimekata mashina matatu. Maziwa yamemwagika hadi bandani kwa kuku.
Uwazi wenyewe haupiti mtu.
Wapita sahani.

Mwanasiti kazima redio.